Hatua Sitini na Mbili Kutoka Getini

Siku ile stendi ya Shelui tulikuwa watano: mama, kajifunga kanga mbili kwa ajili ya homa, bibi aliyemzaa mama, mjomba Petro aliyekuwa kaka yake mama, mdogo wangu Yohana wa miaka mitano, na mimi Rehema, miaka kumi na miwili, nimetolewa darasa la tano nikamuuguze mama hospitalini Mwanza. Bibi na Yohana walikuja kutusindikiza tu; baba tulikuwa tumeshamzika.

Enzi zetu kilomita hatukuzijua. Safari tuliipima kwa chakula. Mnadani ilikuwa safari ya kiazi kimoja. Mwanza, bibi alitufungia michembe ya siku mbili, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani, na Yohana akala lote fungu alilomegewa kabla basi halijapiga honi.

Kijijini kwetu Kinyangiri ndege ya Dar kwenda Mwanza ilipita juu sana, ikiacha mstari mweupe. Tukiwa kwenye palizi ya mtama tulitupa majembe, tukaikimbiza tukipiga kelele. Bibi alifoka, "Magugu hayapandi ndege! Rudini!" Watoto wa leo hawainui hata shingo, wanainama kwenye simu kuangalia itatua saa ngapi.

Baada ya sisi kuondoka, bibi alikuja kunisimulia, Yohana aliikimbiza kila ndege peke yake akiita, "Mama, shuka!"

Mama hakumaliza wiki ya tatu. Gari la kumrudisha nyumbani halikupatikana, tukamzika hukohuko Mwanza, mimi na mjomba na waumini wachache. Msalaba hatukuwa nao. Mjomba akaniambia, "Kwetu shamba tunalipima kwa hatua. Hesabu, mwanangu, uje umlete mdogo wako." Nikahesabu kutoka geti la makaburi: sitini na mbili mbele, tisa kushoto. Nilimwahidi mama msalaba, na njia nzima ya kurudi nilizitaja zile namba nisizisahau.

Shuleni sikurudi. Niliwapikia chai na chapati madereva wa malori pale Shelui mpaka Yohana akamaliza masomo, akapata kazi Dar. Mjomba na bibi wakatangulia mbele ya haki. Mwaka jana Yohana akanipigia simu: "Dada, Dar hadi Mwanza ni saa moja na nusu tu. Ukizubaa kufunga mkanda, umeshafika! Tukutane huko, unionyeshe mama."

Yeye akaja kwa ndege, mimi kwa basi, msalaba wa mninga mapajani.

Getini nikaanza kuhesabu. Sitini na mbili, tisa kushoto, nikajikuta nimesimama ndani ya mtaro wa maji. Nilikuwa nimepima kwa miguu ya mtoto, nikaja na miguu ya mtu mzima. Nikarudi getini, nikafupisha hatua.

"Dada, unatembea kama kuku aliyefungwa kamba," Yohana akacheka. Kisha akaniona usoni, akanipokea msalaba.

Safari hii nikaishia katikati ya matuta matatu yasiyo na jina.

"Ni lipi, dada?"

"Sijui, mdogo wangu."

Alikaa chini na suruali yake nzuri, akashika udongo, asijue aumwage wapi.

Zamani njia ilitumalizia siku mbili, lakini mama nilijua alipolala. Sasa Yohana anapita juu ya bati langu na kufika Mwanza kabla maharage yangu hayajaiva, na hakuna kati yetu anayeweza kusema ni hapa. Msalaba niliurudisha nyumbani. Umeegemea ukuta wa chumba changu, jina la mama limeshachongwa. Deni hilo bado ninalo.