Pigo Zito, Pigo Jepesi

Baba alishuka kwenye basi la kutoka Takaba akiwa ameshika viatu mkononi. Miguu ilikuwa imevimba, haikuingia tena. Nilipomkimbilia pale stendi ya Garissa aliniwahi kabla sijasema lolote.

"Ni basi tu, aabo. Mtu akikaa njiani hivi, damu yote inateremka chini."

Kwetu baba humwita mwanawe "aabo", yaani baba, na mwana humjibu kwa neno lilo hilo. Mgeni akitusikiliza hajui nani mzazi na nani mtoto. Nilimpokea mfuko, nikampeleka nyumbani kwangu Galbet. Hakuweza kulala chali. Alisinzia akiwa ameegemea mito, akitafuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Asubuhi nikaenda naye hospitalini, mahali ninapofanya kazi.

Mimi si daktari. Ni mhandisi wa vifaa vya tiba. Natengeneza mashine za oksijeni, za kupima damu, za kusoma moyo. Lakini nilipokuwa chuo kikuu Nairobi niliandika tasnifu kuhusu jambo moja tu: jinsi moyo unavyotoka kwenye mpango na kuingia kwenye vurugu. Nilikuwa na moyo wa milinganyo ndani ya kompyuta, na nikawa nauharakisha kidogo kidogo. Mwanzoni unapiga sawasawa. Ukiuzidishia mwendo, unaanza kupishana: pigo zito, pigo jepesi, pigo zito, pigo jepesi. Ukizidisha tena, hata kwa kiasi kidogo sana, unavurugika wote. Misuli inatetemeka kama nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi, na damu haiendi popote.

Kilichonivutia ni kwamba ndani ya vurugu ile hamna bahati nasibu. Kila hatua inazaliwa na hatua iliyotangulia, kwa kanuni, bila kuruka. Ila ukikosea kipimo cha mwanzo kwa upana wa unywele, hesabu yako na moyo wenyewe vitaachana njia muda si mrefu, na hutajua tena uko wapi. Niliona ni jambo zuri. Nilisema hivyo mbele ya watahini wangu, kwamba ni zuri, nao wakatabasamu.

Daktari wa wodi, mwanamke wa kutoka Meru ambaye tumefanya kazi pamoja muda mrefu, alimbandika Baba nyaya kifuani. Baba akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Daktari, mimi nabona sasa. Nataka rudi nyumbani."

"Utapona, mzee. Tulia kwanza."

Mimi nilikuwa naangalia kioo cha mashine. Katika mchoro wa moyo, baada ya kila mwinuko mkali hufuata kilima kidogo, pale moyo unapojipumzisha kabla ya kupiga tena. Kilima cha kwanza kilikuwa kirefu. Kilichofuata kifupi. Kirefu. Kifupi. Nilikuwa nimechora vilima hivyo kwa kalamu, kwa kompyuta, ubaoni mbele ya watu. Sikuwahi kuviona vikitoka ndani ya mtu.

Daktari alinivuta hadi ukumbini.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi huna haja ya kuelezwa," alisema, na sauti yake ikawa ya chini. "Anahitaji kile kifaa cha kupandikizwa kifuani, kinachoushtua moyo ukivurugika. Hapa hatuna. Ni Nairobi."

Lakini wiki ile mto Tana ulikuwa umevunja kingo. Barabara ya Nairobi ilikuwa chini ya maji, na watu walikuwa wakivushwa kwa maboti, wakishikilia magodoro na mbuzi. Daktari hakutaka moyo kama ule upakiwe kwenye boti. Tuliulizia ndege, tukaambiwa tungoje. Tukangoja.

Baba aliniuliza mashine inasema nini. Nilimweleza kwa Kisomali, na kwa kitu alichokijua.

"Aabo, fikiria malisho. Mwaka huu mbuzi ni wengi, wanamaliza majani yote. Mwaka kesho majani hakuna, mbuzi wanapungua. Wakipungua, majani yanarudi, na mbuzi wanaongezeka tena. Mwaka wa wengi, mwaka wa wachache. Moyo wako unafanya hivyo. Pigo likiwa kubwa linakula muda wa kupumzika, linalofuata linakuwa dhaifu."

Alielewa upesi. Maisha yake yote alikuwa ameishi ndani ya hesabu hiyo.

"Na mtu akizidisha mbuzi?"

"Basi inafika mahali hakuna tena mwaka wa wengi wala wa wachache. Hakuna anayejua kesho itakuwaje."

"Kwa hiyo moyo wangu umefuga kupita kiasi." Alicheka, akakohoa. Kisha akaniangalia. "Lini?"

"Sijui, aabo."

"Leo? Mwakani?"

"Hesabu inasema tuko ukingoni. Haisemi lini."

"Sasa inasaidia nini?"

Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza bei ya mbuzi, akitaka jibu. Nilimrekebishia shuka miguuni, nikajifanya nimeitwa na muuguzi.

Dawa zilimpa nafuu. Miguu ilinywea, akaanza kula anjera na kulalamika kwamba chai ya hospitali haina maziwa. Vile vilima navyo vikalingana. Nilisimama mbele ya kioo kwa muda mrefu nikivitazama vikipita, vyote sawa, na nikaanza kuamini nilichojua kuwa hakistahili kuaminiwa. Niliongea na ndugu yangu aliyebaki dukani kwetu Takaba, nikamwambia mzee anaendelea vizuri.

Asubuhi maji yalipopungua na gari la wagonjwa kuruhusiwa kupita, Baba alitawadha, akasali akiwa ameketi, akavaa macawiis safi, kile kikoi chetu cha kiunoni, na shati lililopigwa pasi juu ya nyaya za mashine. Alikuwa akinieleza nisisahau kumnunulia tende za njiani. Nilikuwa nimegeukia kioo kwa mazoea tu. Mstari ukapasuka. Ukawa mawimbi madogo yasiyofanana, yasiyokuwa na mwanzo. Niliyaona kabla sijamgeukia yeye, na nilipogeuka neno lilikuwa bado liko mdomoni mwake.

Daktari alikuja mbio. Mashine ya kushtua moyo ilikuwa karibu, ina chaji, inafanya kazi; niliipima mwenyewe. Mwili wa Baba uliruka, na mstari ukarudi. Mapigo yakajipanga, nikamsikia muuguzi akishusha pumzi. Kisha: kirefu, kifupi, kirefu, kifupi. Nilisema, "Hapana, hapana," kwa sauti, kana kwamba kulikuwa na wa kunisikiliza. Ukapasuka tena. Wakamshtua tena, na tena, na kila mara ulirudi kwa muda mfupi zaidi, hadi haukurudi. Daktari aliondoa mikono kifuani mwake, akaniangalia mimi badala ya kutazama saa ili ataje muda wa kifo.

Tulimzika alasiri hiyo hiyo, Garissa. Ndugu yangu alikuwa bado njiani. Alipopiga simu alikuwa ameteremka kando ya barabara mahali fulani, upepo ukivuma ndani ya simu.

"Wewe ndiye uliyesomea moyo," alisema. "Kitu gani kilianzisha?"

"Kitu kidogo mno. Labda chumvi ya damu, labda seli moja iliyochelewa. Labda furaha ya safari. Hakuna atakayejua."

"Ni amri ya Mungu."

"Ndiyo," nikamjibu, na ninaamini hivyo. Lakini ningepata usingizi zaidi kama nisingejua kwamba kila pigo lilitokana na lililotangulia, moja baada ya jingine, hadi lile la mwisho, na kwamba nilikuwa nimekaa palepale nikiyatazama.

Nilirudi kazini baada ya matanga. Kuna kijisanduku tunachotumia kupimia mashine za moyo. Kinaiga moyo wa mtu. Kina kitufe cha moyo mzima, na kina kitufe cha vurugu, na mhandisi sharti abonyeze vyote ili ajue mashine inatambua. Nakaa karakanani peke yangu, nabonyeza cha vurugu, mawimbi yanajaa kiooni, kengele inalia. Naiacha ilie muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kisha nabonyeza kile kingine na moyo unarudi, sawasawa, bila kuchelewa. Kila mara unarudi. Naandika kwamba mashine ni nzima, naivuta inayofuata.