Saa Iliyokosa Mkono

Fundi viatu wa mtaa ule alikuwa na saa nyingi kuliko jamaa zake, lakini ukimuuliza saa ngapi, atakujibu, "Kwa ipi?" Zote zilikuwa za kike, za zamani, za kutia ufunguo, nyingine ndogo kama kifungo cha koti. Saa kubwa alizidharau. Kubwa, alisema, hata mpumbavu huiona. Ndogo sharti uiinamie, uisogeze sikioni, uisikie ikihangaika humo ndani peke yake. Alizinunua zimekufa, akazifufua, akazikatia mikanda kwa ngozi laini iliyobaki kwenye viatu.

Mkewe alikipangusa kioo cha kabati la saa hizo miaka nenda miaka rudi. Aliomba mara moja tu, asubuhi ya harusi ya binti yao.

"Baba watoto, niazime ile ya dhahabu. Leo tu."

"Jasho litaiua, mama. Ngoja siku ya maana. Akiba haiozi."

Siku ya maana! Binti anaolewa, na bwana huyu bado anangoja siku. Mama alicheka, akavaa bangili ya plastiki, na hakuomba tena. Mzee akadhani yamekwisha.

Kisha mama akaugua, ugonjwa wa kumla mtu polepole. Jumapili moja fundi alifungua kabati bila kuombwa, akaipeleka ile ya dhahabu kitandani, akamvisha kwa mkono wake mwenyewe, akaukaza mkanda mpaka tundu la mwisho. Saa ikateleza hadi karibu na kiwiko.

"Ngoja kidogo," akasema, akaenda kuchukua kitoboleo chake cha kazi. Akatoboa tundu jingine, halafu jingine.

"Basi, baba watoto. Utaimaliza ngozi bure. Mkono wenyewe ndio umekwisha."

Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa amekwisha kufika. Saa haikuwa na hata mkwaruzo. Akiba haikuoza, ni kweli. Alijichukia kwa ukweli huo. Alitaka kuomba radhi, akaishia kuitia saa ufunguo.

Mama aliisogeza saa sikioni, kama alivyomwona mumewe akifanya maisha yake yote, akafumba macho.

"Kumbe ndivyo inavyolia," akasema.