Udi wa Mama Maulida

Ukienda kwa Mwanamvua na viatu vya tope, utajijua mwenyewe. Atakukaribisha vizuri, atakuuliza habari za watoto, lakini macho yatakuwa miguuni kwako mpaka uvue. Mwenyeji huyu wa Kisarawe ana miaka hamsini na minne, na usafi kwake si tabia tena, ni ugonjwa.

Ugonjwa huohuo ndio uliompa kazi. Miaka sita iliyopita alikuwa akiosha vyombo kwenye mgahawa mmoja pale Kwa Mathias, Kibaha. Mteja mmoja, mhandisi aitwaye Leodegar, akainua bilauri ya maji, akaigeuza mwangani, akaita kwa sauti, "Nani kaosha hii?" Mwanamvua akatoka jikoni mikono kiunoni, tayari kwa ugomvi. Kumbe anaajiriwa!

Leodegar ana karakana ndogo kule Pangani ya Kibaha. Kazi yao ni chupa za kioo zinazokaa kwenye mashine za kufyonza makamasi ya watoto wachanga. Wanazivika utando mwembamba wa plastiki, ili chupa ikianguka wodini vipande visitawanyike. Kwa mdomo ni rahisi. Kioo kinaoshwa, kinafutwa, kinapakwa dawa ya kushikisha, kinachovywa kwenye plastiki ya majimaji, kinaingia kwenye oveni. Ila kioo nacho kina maringo yake. Kisipoandaliwa vizuri, chupa ikichemshwa mara mbili tu utando unavimba na kubabuka kama ganda la kiazi.

Kuosha na kufuta ni kwa Mwanamvua. Dawa ni ya Juliana, binti mkemia mwenye miwani na sauti ndogo, ambaye Mwanamvua humpenda kwa kumchokoza. "Msichana mzima hujui kufua hata leso! Utaolewa na nani, na chupa?" Juliana hucheka tu. Ndiye aliyemfundisha siri ya kioo: "Mama, kioo kikiwa safi kweli, maji yanatandaa. Kikiwa na mafuta, maji yanajikunja matone." Mwanamvua aliipenda siri hiyo mpaka akawa anawapima nayo majirani.

Basi mwezi uliopita mambo yakaharibika. Juliana alichanja utando kwa wembe, vimistari vya kukatizana, akabandika selotepu juu yake, akavuta. Selotepu ikatoka na utando wote. Akabadili dawa. Ukatoka tena. Akajaribu ya tatu, ya nne, ya tano, macho yakamwiva kwa kukosa usingizi. Ijumaa Leodegar akawaita wote wawili. Hospitali iliyoagiza imechoka kusubiri, alisema, na Jumatano wiki ijayo ndiyo mwisho. Zikibabuka tena, habari ya utando inafungwa, na mkataba wa Juliana unaishia hapo.

Mwanamvua alirudi kwao Kisarawe, kama afanyavyo kila mwisho wa wiki, na mfuko wa vitambaa vyeupe vya kufutia chupa. Huvifua mwenyewe nyumbani, maana pale karakana, hivyo anavyoamini yeye, hakuna anayejua kufua. Njia nzima alikuwa na uchungu. Mtoto wa watu afukuzwe hivihivi!

Jumapili asubuhi akapata wageni, mashemeji wa bintiye Maulida aliyeolewa mwezi mmoja kabla. Akazisuuza bilauri haraka, akazikausha kwa kitambaa alichokipata karibu, kimoja cha vile vya kazini. Akamimina maji ya kunywa. Tone moja likamwagikia ubavuni mwa bilauri, na badala ya kutiririka likajikunja pale pale, likakaa duara.

Akaliangalia. Akamwagia tena. Matone, matone matupu.

Wageni wakaachwa sebuleni na kashata zao. Mwanamvua akaosha bilauri upya kwa sabuni, akaimwagia: maji yakatandaa safi. Akaifuta kwa kitambaa, akaimwagia: matone. Akakinusa kitambaa. Kilinukia vizuri, kinanukia harusi. Tangu harusi ya Maulida ulikuwa umebaki udi mwingi, ule wa kukoroga na mafuta ya uturi, naye kila wiki alikuwa akiwasha chetezo na kuvifukiza vitambaa vya kazi pamoja na nguo zake. Aliona haifai vyombo vya watoto wachanga vifutwe na kitu kinachonuka sabuni ya mche.

"Yarabi," akasema, akaketi juu ya kinu.

Hebu fikiria aibu hiyo. Mtu aliyeajiriwa kwa usafi, mchafuzi ni yeye! Wazo la kwanza, na tusimsingizie utakatifu, lilikuwa kunyamaza. Aache kufukiza, basi, dawa ya sita ishike, watu wapige makofi, nani atajua? Lakini Juliana angebaki akiiamini dawa ya sita bure, na siku utando ukibabuka tena angechanganyikiwa upya. Usiku huo Mwanamvua aligeuka kitandani kama chapati.

Jumatatu alfajiri alitoka Kisarawe mvua ikinyesha, akaingia karakana kabla hata hajapumua. "Leodegar, na wewe Juliana, njooni hapa. Wa kulaumiwa ni mimi." Akasema yote, udi, chetezo, bilauri, bila kumtazama mtu usoni.

Leodegar aliamuru chupa nne zioshwe na zikauke kwenye oveni, zisiguswe na kitambaa chochote, kisha zipakwe dawa ya kwanza kabisa. Jioni Juliana akachanja, akabandika, akavuta. Selotepu ikatoka tupu. Wakazichemsha mara tatu: kimya, hata pembe haikuinuka. Leodegar akaiachia moja sakafuni kwa makusudi. Ikapasuka paa, lakini vipande vyote vikabaki ndani ya utando. Leodegar akarukaruka, mtu mzima yule, akakimbilia simu kuwapigia hospitali.

Wakabaki wanawake wawili. Mwanamvua akamkazia macho mwenzake. "Mbona wewe hushangai?"

Juliana akavua miwani. "Nilijua, mama. Tangu dawa ya pili. Vitambaa vilikuwa vinanukia."

"Ulijua!"

"Nikawa natafuta dawa itakayoshika juu ya udi."

"Na kazi ikikutoka?"

"Sasa ningeanzaje, mama? Nisimame mbele yako nikwambie umechafua kioo?"

Mwanamvua akamvuta yule binti, akamkumbatia kwa nguvu huku machozi yanamtoka na mdomo unafoka. "Mjinga mkubwa wewe! Adabu gani hiyo ya kujiua? Kuanzia leo ukiona nimekosea, unaniambia. Hata nikinuna. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, anza sasa hivi nikuone."

Juliana akavaa miwani, akasitasita, akatazama chini. "Mama... viatu vyako vina tope."

Mwanamvua akatazama. Ni kweli. Alikuwa ameingia navyo tangu asubuhi, na alama zake zilikuwa zimezunguka karakana nzima.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akainama kuvivua.