Siku Niliyombeba Mkwe Wangu Korongoni

Kwa miaka yote ya ndoa yetu, mama mkwe wangu na mimi hatukuwahi kupeana mkono. Hatukuwa na ugomvi wowote. Kwao Bukene, kama ilivyokuwa kwa bibi zangu, mama hamgusi mume wa binti yake. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia, anapisha, anainamisha macho. Mimi nilikulia Tabora mjini, na mambo hayo nilikuwa nikiyasikia kama habari za watu wa kale, mpaka nilipokwenda kuposa. Siku ile nilimnyooshea mkono kwa furaha. Akarudi nyuma akajifunika uso kwa kanga, na shangazi mmoja akanivuta shati.

Nikajifunza. Nikimsalimu nachuchumaa kwa mbali na kumwita mama kwa Kinyamwezi: "Shikamoo, mayu." Naye anajibu akiangalia pembeni: "Marahaba, baba." Yeye alikula jikoni, mimi sebuleni. Akitaka kujua jambo, humwambia mke wangu nami nimekaa palepale: "Hebu muulize mumeo, chai anakunywa?"

Mke wangu ni afisa misitu. Wakati huo kituo chake kilikuwa upande wa Usinge, na ndani ya msitu alioutunza kuna korongo. Masika mto hupita humo kwa kelele. Kiangazi yanabaki madimbwi tu kati ya mawe. Yeye na wenzake walikuwa wamefungua njia ya matembezi ya wageni. Inashuka korongoni, inafuata madimbwi, inapanda ukingo wa pili, kisha inazunguka juu ya magenge mpaka inarudi pale ilipoanzia. Jioni alinieleza kona zake kama mtu anayeeleza vyumba vya nyumba anayoijenga.

Mama yake alikuja kwa treni kumtazama, maana mke wangu alikuwa na mimba, na mimba hiyo tulikuwa tumeisubiri sana. Hakukaa hata wiki akasema amechoka kukaa kitako.

"Hiyo njia yako unayoisema kila siku," alimwambia binti yake, "nataka nikaione."

"Ina mawe, mama. Inapanda na kushuka."

"Mimi nimelima maisha yangu yote. Mawe yatanifanya nini?"

Tukaondoka asubuhi kungali na ubaridi. Mke wangu alitangulia polepole na tumbo lake, mama yake akamfuata, nami nikabaki nyuma, mbali kidogo kama inavyopasa. Waliposimama, nilisimama. Ulikuwa mwisho wa kiangazi, wakati miti ya kwetu inapotoa majani mapya kabla ya tone la kwanza la mvua, na majani hayo ni mekundu kama yamechomwa na jua. Mizinga ya nyuki ilining'inia juu ya vichwa vyetu. Mama mkwe alikuwa akigusa magome ya miti na kuyataja majina yake kwa Kinyamwezi, na binti yake akimjibu kwa majina ya kitaalamu, wote wawili wakicheka.

Chini korongoni kuna jiwe bapa kando ya dimbwi kubwa. Mke wangu alituambia wazee wa hapo husema misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilikuwa ikiiacha njia kuu kuja kuteka maji, na wapagazi walitua mizigo yao juu ya jiwe lile. Mama mkwe alikaa hapo akala kiazi kitamu, mgongo wake kwangu.

Ilikuwa wakati wa kupanda ukingo wa pili. Walikuwa karibu kufika juu niliposikia jiwe likibingirika, kisha sauti ndogo, kama ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nilipofika mama mkwe alikuwa amekaa chini, amekishika kifundo cha mguu. Hakulia. Kifundo kilikuwa kinavimba tukikiangalia.

Mke wangu alijaribu simu. Hakukuwa na mtandao. Kurudi tulikotoka kulikuwa na mteremko mkali, na kusonga mbele kulibaki nusu ya mzunguko, ingawa juu kule njia ni tambarare.

"Nikatieni fimbo," alisema.

Nikakata. Alisimama, akaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye mti uliokuwa karibu, akaukumbatia asianguke. Mke wangu akamwendea kumshika kiunoni.

"Usinisogelee!" alimkemea. "Na hilo tumbo? Unataka kuniulia mjukuu?"

"Sasa tufanyeje, mama? Nitafute watu, nikuache hapa?"

Mama yake aliushikilia mti. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikitazama miguu yangu. Nilijua la kufanya, na sikuthubutu kulisema. Kulisema mimi kungekuwa utovu wa adabu ambao usingefutika. Nikasikia akimwambia binti yake, "Mwambie mumeo..." Akashusha pumzi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanigeukia.

"Baba," alisema, "nibebe."

Nikapiga goti na kumpa mgongo. Akajifunika kanga kichwa na uso, kama bibi harusi. Mke wangu akafungua kitenge chake cha juu akatufunga pamoja, mimi na mama yake, fundo kifuani kwangu, kama mtoto kwenye mbeleko. Nilimwona akiuma midomo. Sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua.

Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Alinukia moshi wa kuni na sabuni ya kufulia. Mwanzoni alijikaza kabisa, amekunja viwiko kati yake na mgongo wangu ili kifua chake kisinifikie, na kumbeba mtu aliyejikaza ni kama kubeba kitanda. Nilihema. Mdomo wake ulikuwa karibu na sikio langu, lakini alipaza sauti mbele:

"Mwambie mumeo apumzike!"

"Mayu," nilisema, "ninakusikia."

Akacheka. Nilikisikia kicheko chenyewe mgongoni, kikipanda na kushuka. Viwiko vikalegea. Akaniegemea, na tangu hapo mzigo ukawa rahisi.

"Babu yake baba yangu alibeba mizigo ya watu mpaka pwani," aliniambia. "Meno ya tembo. Angeniona leo! Ukoo wa wapagazi, na mimi ndiye niliyefungwa mzigo."

"Si mzito, mayu."

"Unasema hivyo kwa adabu tu."

Tulikwenda hivyo juu ya magenge, korongo likiwa chini upande wa kushoto. Mke wangu alikuwa ametangulia kutuondolea matawi. Mama yake akashusha sauti.

"Ile miaka ambayo hamkupata mtoto," alisema, "watu wa kwetu walinishauri nije nimchukue binti yangu. Walisema utamfukuza, bora arudi mwenyewe kwa heshima. Kila nikisikia treni ya kutoka Tabora, nilitazama njia kama anakuja na sanduku lake. Hakuja. Nilitaka nikushukuru. Sasa ningekushukuru kwa mdomo gani, wakati hata kukutazama siwezi?"

Nilishukuru kwamba hauoni uso wangu. Nilimpandisha tu vizuri mgongoni, nikaendelea kutembea.

Kule zahanati walisema mfupa ni mzima, mguu umeteguka, apumzike. Jioni alimpigia simu kaka yake mkubwa kule Bukene kumweleza mwiko uliovunjika. Yule mzee alicheka mpaka tukamsikia sote. Kisha akatoa hukumu yake: achinjwe jogoo, mkwe na mkwe wale pamoja, na yaishe.

Nilichinja mimi, mke wangu akapika. Tulitandika mkeka sebuleni. Mama mkwe alikaa mwisho kabisa wa mkeka, mguu umenyooshwa juu ya mto, uso ameuelekeza ukutani. Alimega ugali, akachovya mchuzi, akatafuna taratibu. Mke wangu alinitazama, nami nikamtazama.

Mama mkwe akageuka. Akanitazama usoni, macho yake makavu na ya kawaida, kama mtu aliyekaa nami mezani maisha yake yote.

"Baba," alisema, "hebu nisogezee chumvi. Huyu mkeo hajui kuunga mchuzi."