Chai ya Mama Ndani ya Nyumba Yenye Kufuli

Mwaka wa 2003, kwa wiki tatu, kuna mtu alikuwa ananipikia chai ndani ya nyumba niliyofunga na kufuli kwa nje, na funguo niko nayo mimi.

Chai moto. Ya maziwa, na tangawizi. Vikombe viwili mezani.

Hii stori sijawahi kuimaliza mbele ya mtu, kwa sababu mwenye makosa ni mimi. Leo wacha niseme.

Mamangu alikufa Februari mwaka huo. Pressure ilimpeleka kwa siku mbili tu. Alikuwa mwalimu wa primary aliyestaafu, amepanga nyumba hapa Kitengela tangu '96, yeye na kakangu Sydney. Mimi nilikuwa Nakuru. Nakuja Krismasi, nakula, naenda.

Sydney alizaliwa na Down syndrome. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tisa, lakini kwetu nani alikuwa anahesabu? Kwetu alikuwa "mtoto". Tulimkatia nyama, tukamfunga kamba za viatu, na sikuwahi kumwona ameshika kisu hata siku moja.

Tulimzika mama Bungoma. Nikahamia Kitengela, nikapata kazi kiwanda cha nguo Athi River. Asubuhi nampikia Sydney uji, namwekea chakula, nafunga mlango na kufuli, naenda.

Niliogopa apotee. Niliogopa ajichome. Hata kiberiti nilikuwa natembea nacho kwa mkoba, si mchezo.

Sasa sikia.

Jumatatu moja nikarudi saa kumi na mbili, jua bado liko. Nikafungua mlango. Thermos iko mezani. Kikombe kimoja mbele ya Sydney, kingine mbele ya kiti cha mama.

"Sydney, nani amepika?"

"Mama."

"Mama alikufa. Si tulimzika pamoja?"

"Mama amesema sukari mbili."

Weh! Nilisikia baridi mpaka kwa kisogo. Nikashika sufuria, bado ina joto. Nikaangalia madirisha, yote yana vyuma. Mlango ni ule mmoja. Chai yote nikaimwaga kwa choo.

Sydney aliniangalia tu.

Jumanne, chai tena. Nikamwaga.

Jumatano hakukuwa na chai. Nilimkuta amesimama nyuma ya mlango, shati imepigwa pasi, begi mgongoni, jasho linamtoka. Ni kama alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi.

"Unaenda wapi, Sydney?"

"Mama amesema leo tunaenda."

Aki nililia. Nikajua mama amekuja kumchukua.

Ikaendelea hivyo. Siku zingine nguo zinakunjwa, tena vile mama alikuwa anakunja, mikono ya shati ikipelekwa nyuma. Jumatano, begi. Nilikonda. Kazini sindano ilinidunga mara mbili kwa wiki moja. Mwisho nikampigia Uncle Elphas, ndugu ya marehemu baba. Yeye ndiye mkubwa pale nyumbani Bungoma, na kaburi la mama liko kwa boma lake.

Alikuja Ijumaa. Nilimpokea stage, tukatembea pamoja mpaka kwa nyumba, nikafungua kufuli mbele yake.

Chai hiyo hapo. Inatoa moshi.

Uncle hakuketi. Alivua kofia.

"Nasike, shemeji hajatulia. Anamfuata huyu mtoto, kwa sababu alimwacha bila mtu. Wacha nimpeleke nyumbani, akae karibu na kaburi. Mamako akimwona kila siku, atalala."

Na mimi nikakubali. Nakuambia ukweli, nilikubali haraka sana.

Jumapili Sydney alishika fremu ya mlango na mikono miwili. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama bado hajamaliza." Uncle akambandua vidole, kimoja kimoja.

Baada ya hapo chai haikupikwa tena. Nikamshukuru Mungu. Nikasema, ona, mama ametulia.

Miezi saba ikapita.

Jumamosi moja mchana, mlango ukabishwa. Jamaa mrefu, amevaa sweta ya kufumwa, vumbi ya Kajiado imejaa kwa viatu.

"Naitwa Muthama. Natafuta Sydney."

"Wewe ni nani kwake?"

"Mimi ni mwalimu wake."

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Sydney hajawahi kuingia darasani, mwalimu. Umepotea nyumba."

"Miaka mitano, dada. Kila Jumatano, Kajiado, kwa hall ya kanisa. Wako watu wazima kumi na mmoja kama yeye. Tunawafundisha kupika, kupiga pasi, kwenda dukani, kuvuka barabara. Mama yake ndiye alikuwa anamleta. Nilisikia kwamba amefariki, nikangoja mtu amlete. Nimengoja mpaka nimechoka, ndio nimekuja."

Kila Jumatano. Nikakaa kwa mlango.

"Mbona mama hakuniambia?"

"Alisema mtamcheka. Alisema uncle wenu aliuliza, mtu mzima hivi unampeleka nursery? Alitaka Sydney awapikie Krismasi moja, muone wenyewe."

Halafu akauliza, "Kitabu chake cha picha kiko wapi?"

Hata sikujua kuna kitabu. Tulikipata chini ya godoro la Sydney. Kikubwa, jalada gumu, kimeshikwa na lastiki.

Nikafungua. Mama.

Mama ameshika mkebe wa unga. Mama anatoa kiberiti ndani ya mkebe. Mama anawasha meko. Mama anaonyesha vidole viwili, na kijiko cha sukari mbele yake. Kila hatua picha yake, moja kwa kila ukurasa.

"Sydney hasomi," Muthama akasema. "Anafuata picha. Tulimwambia, ukisahau, fungua, angalia Mama anasema nini."

Nikakimbia jikoni kwa ule mkebe wa unga wa mama, ambao sikuwahi kuufungua. Ndani kulikuwa na viberiti vitatu.

Na maziwa je? Nikatoka mbio mpaka kwa Sirad, jirani mwenye duka, ukuta wake unatazamana na dirisha letu. Alinishangaa.

"Kwani hukujua? Kila saa kumi alikuwa anabisha kioo, ananisalimia kwa Kimaasai, 'Sopa, Sirad!' Napitisha maziwa kwa vyuma. Mamako ndiye alipanga hivyo. Mimi nilidhani ni wewe unamtuma."

Nilirudi ndani. Muthama alikuwa amefungua karibu na mwisho. Kulikuwa na picha ya mama mlangoni, amebeba handbag, anapunga mkono. Picha iliyofuata, Sydney yuko peke yake jikoni, sufuria iko motoni, anatabasamu.

"Hii ya mlangoni aliililia sana," Muthama akasema. "Daktari alikuwa amemwambia moyo wake si mzuri. Hakutaka Sydney aone ameachwa. Alitaka aone Mama ametoka tu, na kazi inaendelea."

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha yangu. Ile ya graduation, imebandikwa na gundi, na kando yake mama amechora kikombe.

"Hapo ni dada akirudi," Muthama akasema. "Anawekewa chai."

Wiki tatu nilikuwa namwaga chai yangu mwenyewe, mbele ya aliyenipikia.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Bungoma.

Sydney alikuwa kwa kigoda, ameelekezwa kaburini, mikono kwa magoti. Hakukuwa na majeraha, alikuwa analishwa vizuri. Nasema hivyo kwa sababu watu wa Uncle si wabaya. Walikuwa wanamnawisha, wanamlisha, wanamkalisha. Hakuna aliyemwacha afanye kitu.

"Sydney, sopa!"

Alinijua. Niliona macho yamenijua. Lakini hakunijibu. Akageuka kwa Uncle Elphas, akauliza kwa sauti ndogo:

"Nimjibu?"

Uncle akaniambia, na alikuwa amefurahi, "Si unaona vile ametulia?"

Nilipiga magoti kwa ile nyasi nikalia kuliko siku ya matanga. Nilikuwa nimeogopa mzimu wiki tatu, na kumbe mimi ndiye nilichukua mtu mzima mwenye akili zake nikamfanya kivuli.

Nilirudi na yeye. Kiwanda kilikataa kunipa Jumatano, nikaacha kazi, nikaanza kushona nyumbani. Tukarudi Kajiado, mimi na yeye. Pasi aliikumbuka kwa mwezi mmoja. Kuvuka barabara, mwaka. Kupika hajarudia vizuri mpaka leo. Anasimama mbele ya meko ananiangalia, "Niwashe?" Namwambia, Sydney, jikoni ni kwako. Kesho anauliza tena. Kila nikisikia hilo swali, nakumbuka ni mimi nilimfundisha kuuliza.

Mwaka wa 2006 Muthama alisema kitabu kimechanika, tupige picha mpya, na safari hii mtu wa kwa picha ni mimi. Tukapiga zote kwa siku moja. Tulipofika mwisho akashusha kamera.

"Dada Nasike, na ile ya mlangoni? Si lazima leo."

Nilikuwa na miaka thelathini na nne, sina ugonjwa wowote. Sydney alikuwa ameketi hapo ananingoja.

Nilichukua handbag, nikasimama mlangoni, nikapunga mkono.

Wewe unayesoma hii, kama kwenu kuna mtu mzima mnayemwita mtoto, mfundishe leo ukiwa bado mzima, na umwambie jamaa wote anajua nini. Mamangu alifanya kazi yote hiyo vizuri kabisa, akaificha kwa kuogopa kicheko chetu. Na kicheko chenyewe kilikuwa changu pia.