Mchele Mzima

Watu hudhani kazi ya mishahara ni kukaa kivulini na kikokotoo. Waje wakae wao. Nilianza kama karani wa makato, leo ni mkuu wa mishahara katika mgodi wa Geita, na kila siku ya malipo bado naamka na chai haipiti.

Mama yangu aliuza mchele sokoni Kahama. Ndiye aliyenifundisha kujua kama mshahara umetoka bila kugusa kompyuta. Mwisho wa mwezi, wake za wachimbaji huulizia chenga, zile punje zilizovunjika mashineni, na hubishana bei mpaka muuzaji anachoka. Siku ujumbe wa benki ukisoma kwenye simu, hakuna anayezitazama chenga. Wanataka mchele mzima, unaonukia, na wengine husahau hata chenji.

Nilipopewa ukuu kwa mara ya kwanza, ulikuwa wa majaribio, kwenye kampuni ya ukandarasi wa mgodi hukohuko Kahama, iliyokuwa inahamia mfumo mpya wa malipo. Meneja, mtu wa pwani mwenye maneno laini, aliniita ofisini. "Dada, mwezi huu asikose hata mtu mmoja. Akikosa, utarudi kwenye makato." Akatabasamu. Bora angefoka. Nyumbani nilikuwa nimeshajitangaza bosi, na ndugu zangu kwa kucheka hawajambo.

Mfumo wenyewe haukusamehe majina. Herufi moja ikitofautiana na ya benki, fedha zinarudi. Nasi Wasukuma, ulimi wetu na R hawajawahi kupatana. Mtu ameandikwa kwa L zahanati, kwa R shuleni, na benki kaandika karani aliyekuwa na haraka zake. Nikawa nawafuata wachimbaji zamu kwa zamu: "Kaka, jina lako ni la L au la R?" Mmoja akanijibu kwa upole, "Yote sawa tu dada, andika yoyote." Nilitamani kumzaba kofi.

Asubuhi ya malipo nilijifungia chooni na simu.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, naye ndivyo anavyoniita mimi mwanawe. "Mbona unahema?"

"Leo wanaulizia nini?"

"Subili kwanza." Nikasikia mchele ukimiminwa kwenye mfuko, na mtu anacheka. "Mzima. Wote wanachukua mzima."

Nikaegemea ukuta, nikaanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Ila kuna mshahala mmoja haujasoma," akaongeza.

Nikabanduka ukutani. "Wa nani? Mume wake yuko zamu gani? Mama, muulize kama ni L au R!"

"Wako. Kila mshahala unanitumia changu kabla hujanywa chai. Leo kimya. Nimejua tu umekwama."

Nikaangalia simu yangu. Hakuna kitu. Wiki nzima nilihoji majina ya wenzangu, langu sikulitazama. Jina la baba yangu nimelitamka kwa L tangu nikiwa mtoto, ndivyo nilivyoliandika kwenye mfumo, na benki lilikuwa na R. Nikacheka peke yangu, kisha nikakumbuka maneno ya meneja na kicheko kikakauka. Hata mtu mmoja, alisema. Mimi si mtu?

Nikaenda mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. "Mmoja amekosa," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Nani?"

"Mimi."

Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu vitu vyangu vya kubeba. "Huyo ajilalamikie mwenyewe," akasema, akarudi kwenye karatasi zake. Hivyo ndivyo kibarua changu kilivyonusurika kuota nyasi.

Sasa mama hauzi tena. Magoti yamemkatalia, anaishi kwa mdogo wangu kijijini huko Shinyanga, mbali na soko lolote. Lakini siku ya malipo lazima nimpigie nimuulize wanaulizia nini. Nyuma yake nasikia kuku na mchi kwenye kinu, muuzaji hata mmoja hayupo. "Mzima, mayu," hunijibu bila kusita. "Wote mzima." Najua ananipiga chenga. Nikishamsikia ndipo chai inapita.

Mwezi uliopita simu iliita mpaka ikakatika. Mfumo ulionyesha malipo yote yamepita, vijana wangu ofisini wakawa wanapongezana. Mimi nimesimama dirishani, napiga tena. Ikaita ikakatika. Nikapiga tena. Akapokea huku anahema, kumbe alikuwa nje anaanua nguo, mvua imeanza.

"Mzima, mayu," akasema kabla sijamwamkia. "Na mimi mzima."

Nikakaa kitini nikalia, mbele ya vijana wangu wote, nao wakaacha kupongezana na kuanza kukagua upya majina.