Nilichoulizwa Barazani

Jirani yangu hapa Itiryo hakujaliwa mtoto. Kwetu Wakurya, mwanamke wa namna hiyo huweza kutoa ng'ombe akaoa binti, na watoto atakaozaa binti huyo wakahesabiwa wa nyumba yake. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobu. Ng'ombe wake niliwaswaga mimi mwenyewe hadi kwa wazazi wa binti, na namshukuru Mungu kwamba bado nakumbuka hata rangi zao.

Yule binti alizaa wasichana wawili. Jirani yangu alipopooza, binti huyo ndiye aliyemuuguza hadi alipofariki. Matanga yalipoisha tu, mtoto wa shemeji wa marehemu akadai nyumba na shamba. Alisema marehemu hakuacha mrithi, na aliyemo ndani ni mfanyakazi tu. Shauri lilipofika baraza la ardhi, akaniita mimi, mzee wa kanisa, niwe shahidi wake.

Mama wa wale wasichana alinijia siku moja kabla.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Wewe uliwaswaga wale ng'ombe. Sema hilo tu."

"Nitasema kweli," nikamjibu.

Barazani niliulizwa kama kanisa letu linaitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke. Nikasema halitambui. Je, huyu ameandikwa popote katika kitabu cha kanisa kuwa ni mtu wa marehemu? Nikasema hapana, na kwamba aliyekataa kumwandika ni mimi. Wakanishukuru. Nilisubiri swali la ng'ombe. Halikuja, nikaketi. Nilijiambia kwamba sikusema uongo.

Baraza likampa ushindi yule mdai. Asubuhi moja dalali wa baraza alikuja na amri ya kumtoa yule mama. Vitanda vilitolewa, kisha magunia ya mahindi.

"Beba na jiwe lako la kusagia," mdai akamwambia. "Mfanyakazi haachi kifaa chake."

Vijana wake wakacheka.

"Miaka mitatu nimemgeuza mama yako mkubwa kitandani," mwanamke akasema. "Hata siku moja hukuja kushika mguu mmoja."

Nilisogea, nikamwambia mama yule kwamba nitarudi barazani kueleza habari za ng'ombe.

"Na mimi nitakuwa nalala wapi, mzee, wakati unaeleza?"

Akaenda Mbalibali kwa kaka yake, pamoja na binti zake.

Wiki iliyofuata nilipeleka maelezo yangu kwa maandishi. Karani aliyapokea kwa heshima, akanipa kiti. Niliporudi nyumbani nikakuta mabati ya ile nyumba yanang'olewa.